Vigingi Vyekundu Kizingitini

Jumatatu, 4 Machi 1968

Uji. Kikombe cha buluu, si kingine. Ijumaa nilijaribu kile cheupe kwa sababu cha buluu kilikuwa bado ndani ya gunia, na uji wote ukaishia ukutani. Leo cha buluu. Amekunywa.

Kisha akaenda mlangoni, akatazama kizingiti. Hakuna kitu. Akazunguka nyumba. Akarudi, akatazama tena. Akazunguka tena. Asubuhi nzima hivyo, mpaka nyasi zikalala, ikawa njia.

Nasimiyu wangu anaingia mwaka wa tisa na bado hajaniita mama. Hasemi. Masikio ni mazima. Daktari wa misheni alimpigia kengele kisogoni akageuka. Daktari akasema ataongea akipenda. Haya, tunangoja apende.

Kule Eldoret alikuwa na mkebe wake. Ndani yake vile vigurudumu vya mbao vinavyobaki uzi wa cherehani ukiisha. Alipewa na Mzee Abdi, Msomali mwenye duka la vitambaa, anayeshona mwenyewe barazani. Kila asubuhi alivipanga kizingitini, kimoja baada ya kingine, akavitazama, roho ikatulia, siku yetu ikaanza. Siku ya kuhamia huku shambani baba yake, Wafula, akaumwaga mkebe wote jaani. "Takataka," akasema, "lori limejaa." Lori limejaa! Lakini kiti chake kilichovunjika mguu kilipata nafasi.

Mume wangu nampenda. Leo simpendi.

Jumatano, 6 Machi

Mpimaji amefika na watu wake wa kubeba mnyororo wa kupimia. Shamba lote la mzungu, lile tulilolinunua watu wengi kwa kuchanga pesa miaka na miaka, limeanza kukatwa vipande. Kila pembe wanagongomelea kigingi cha mbao kilichopakwa rangi nyekundu kichwani. Kila kigingi kikiingia ardhini wanawake wanapiga vigelegele. Hata mimi nilipiga.

Wafula alivua viatu akatembea juu ya ploti yetu. Yeye ndiye karani wa kamati ya shamba, kwa hiyo hujifanya mtu mzito mbele za watu. Leo machozi yalimtoka hadharani. Baba yake aliishi na kufa akilima mashamba ya wenyewe. Nilimwelewa.

Nami nilipaswa kufurahi. Nilikuwa nawaza bomba la maji nyuma ya nyumba ya kupanga, kule mjini. Nawaza mlio wa cherehani ya Mzee Abdi ukisikika kutoka ng'ambo ya barabara. Hapa kuna upepo na ng'ombe, basi.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Nasimiyu hapendi kushikwa. Ukimkumbatia anakakamaa kama ubao. Lakini kila siku mara moja, saa anayotaka mwenyewe, huja, huchukua mkono wangu, huuweka utosini mwake na kuukandamiza kwa nguvu zake zote. Halafu huuachia na kwenda zake. Hiyo ndiyo salamu yangu. Hiyo ndiyo "mama" yangu. Tangu tuhamie hapa hajaja.

Ijumaa, 8 Machi

Amelia tangu alfajiri. Si kilio cha kupigwa, si cha njaa. Kile kingine. Anajipiga paji la uso kwa ngumi. Nilikaa kando yake nikiwa nimeshika mto ili apige mto. Mkono umenivimba.

Wafula alikwenda ofisini kwa kamati mapema kuliko kawaida. Ofisi ni nyumba ile ya mzungu. Ina vyoo vya ndani na haina mtoto anayelia.

Jumamosi, 9 Machi

Ametulia! Alitoka peke yake jua likichomoza, akarudi akivuma ule wimbo wake usio na maneno. Uji wote. Nimelala mchana kama mfalme. Asante Mungu.

Jumapili, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tulitoka kanisani, Nasimiyu tulikuwa tumemwacha amelala. Mlangoni pangu, juu ya kizingiti, vigingi. Vimepangwa kimoja baada ya kingine, vichwa vyekundu vyote vimetazama upande mmoja. Nasimiyu amechuchumaa mbele yake, ametulia, uso wake ule wa mjini. Mzuri sana. Nilikuwa sijauona uso huo tangu tuondoke.

Vilivyopo hapa ni kigingi chetu, cha jirani, cha jirani wa jirani. Alivifuata ardhini akaving'oa vyote alivyoweza, jana na leo. Udongo bado laini. Mvua haijanyesha ikavishika.

Huku kwetu mtu anayegusa mpaka wa mwenzake anawaletea wanawe laana. Kwa Wanandi tunaopakana nao ni vivyo hivyo. Na watu hawa wote wameuza ng'ombe zao kwa ajili ya vipande hivi.

Na sasa upumbavu mkubwa zaidi. Nilimwambia Wafula aende moja kwa moja kwa mwenyekiti, Mzee Kiprono, amweleze kila kitu. Alikataa. Karani wa kamati, atasemaje? Akavifunga vigingi ndani ya koti lake la kanisani, akachukua nyundo, akatoka jioni kuvirudisha mwenyewe. Eti anakumbuka kila kimoja kilipokuwa. Hakumbuki hata alikoweka kofia yake.

Mama Chebet, jirani yetu wa upande wa chini, alikuwa akirudisha ndama. Akamkuta Wafula ndani ya ploti yake, amepiga magoti, anagongomelea kigingi pasipo mahali pake.

Tumekwisha.

Jumatatu, 11 Machi

Mkutano. Ghala la mahindi la mzungu lilijaa mpaka watu wakasimama nje. Hakuna aliyenisalimia.

Mama Chebet alisimama akasema aliyoyaona. Hakuongeza chumvi. Ingekuwa afadhali angeongeza, ningepata la kubishia. Wafula akajieleza, na kila alivyoeleza ndivyo alivyozama. Mtu mmoja nyuma akasema, "Karani amejipimia shamba, sasa anasingizia mtoto mjinga." Watu wakacheka. Nilitamani nimfuate nyuma kule nimng'ate.

Mzee Kiprono akataka mtoto aletwe. Nikamleta. Akamwuliza kwa upole, sitasema uongo: "Kasichana, ni wewe uling'oa hii vigingi?" Nasimiyu hakumtazama. Alitazama fimbo yake. Akaanza kuvuma. Akaizunguka fimbo, akaigusa pete ya shaba iliyo juu, akavuma tena. Wengine wakageuza nyuso. Nikaona aibu. Kisha nikaona aibu kwa kuona aibu.

Nikasimama. Nikawaambia huyu mtoto haibi. Hajui shamba ni nini. Anataka vitu vikae kwa mstari, basi, na sisi tulimtupia vitu vyake. Sijui nani alisikia.

Uamuzi: mpimaji aitwe tena. Sote tungoje, hakuna kulima mpaka apime upya, na mvua iko njiani. Watu waliguna hapo, na waliguna kwa haki. Wafula abaki karani kwa sasa. Lakini mtoto aondoke shambani mpaka mipaka ishike kabisa. Asipoondoka, ploti yetu irudi kwa kamati.

"Mama Nasimiyu," Mzee Kiprono akaniambia tukitoka, "mimi sina ubaya na mtoto. Lakini hii watu, nikiwaachia wataumizana."

Najua. Ndiyo sababu siwezi hata kumchukia vizuri.

Jumatano, 13 Machi

Amekwenda.

Wafula amempeleka Kimilili kwa Kukhu, bibi yake mzaa baba. Nilipigana naye siku mbili. Nikasema turudi Eldoret, nitauza vitumbua, nitafulia watu. Akasema, "Na mwaka kesho? Na tukizeeka?" Akasema shamba ndilo litakalomlisha Nasimiyu siku tutakapokuwa hatupo, kwa sababu huyu hataolewa wala kuajiriwa. Hapo alinishinda. Alinishinda kwa sababu ni kweli.

Nilimfungia kikombe cha buluu ndani ya kanga yangu. Sikumwambia kitu. Ningemwambiaje? Watu wote husema maneno hayamwingii. Alinifuata mpaka kituo cha treni cha Turbo akidhani tunakwenda mtoni. Akayatazama magurudumu ya treni, akafurahi. Baba yake akamwinua ndani. Alipoona mimi nimebaki chini, ule wimbo ukakatika.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Alhamisi, 14 Machi

Nimepika uji. Wa nani?

Jumatatu, 18 Machi

Wafula alirudi juzi. Anasema alifika salama, Kukhu alimpokea vizuri, alikula kidogo. Nikauliza alikula nini. Hajui. Nikauliza alilala upande gani. "Upande gani?" Ndiyo, mwanamume, upande gani. Lazima mgongo wake uguse ukuta. Hakumwambia mama yake.

Mkono huu wa kulia hauna kazi. Ninachota maji, ninapalilia bustani, ninaosha sufuria, na bado hauna kazi. Jana nilijiweka kiganja changu mwenyewe utosini nikakandamiza. Ili nijue anasikia nini. Uzito. Kama mtu amekufunika ili upepo usikupeperushe. Nilikaa hivyo mpaka Wafula akaingia, nikajifanya ninajikuna.

Jumanne, 26 Machi

Mpimaji amerudi, amenuna. Amepima upya. Safari hii anagongomelea vigingi mpaka vinazama usawa wa ardhi. Wafula alibeba mnyororo siku nzima bila kuambiwa. Watu walimtazama tu. Ile heshima aliyokuwa akiipigania na koti lake la kanisani imeisha, na nadhani amepumua.

Tatizo la sasa: vigingi vimezama hata havionekani. Trekta ikipita, au nyasi zikiota, nani atajua mpaka uko wapi? Wameanza kubishana juu ya hilo. Binadamu.

Mama Chebet amepita mbele yangu na maziwa kichwani. Hakusalimu. Nami sikusalimu.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua! Imekuja jana mchana kwa kishindo. Leo kila mtu yuko shambani. Mahindi yetu ya kwanza katika ardhi yetu. Nilipanda nikilia, na mtu aliyeniona angedhani ni furaha.

Mchana Mama Chebet akaja. Akasimama ukingoni mwa ploti yetu, mvua ikimnyea, na kibuyu cha maziwa mkononi. Akasema, "Huyu msichana yako, ameenda?" Nikasema ameenda. Kisha akasema kwao, Mosop, kulikuwa na kaka ya mama yake aliyekuwa hivyo. Hakuzungumza. Alitembea kando ya ua wa ng'ombe, huku na huku, maisha yake yote. Watu walimwacha atembee. Akipewa chakula anakula, siku ya mvua wanamwita ndani. Walijua tu kwamba ua ni wake.

Halafu akauliza, "Lakini huyu yako, alikuwa anatafuta nini na hizo vigingi?"

Mkutano mzima, watu wote wale, mpimaji, kamati, hata mume wangu. Hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Nikamweleza habari za vigurudumu vya uzi. Aliposikia vilitupwa, alisonya.

Maziwa yake, ya mgando kama wanavyoyatengeneza Wanandi, yana mkaa mwingi. Nimeyanywa yote.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimekwenda Eldoret kwa treni ya asubuhi. Wafula alinipa nauli bila swali, na alipotaka kusema kitu nikamwambia asiseme.

Mji uko vilevile. Nilidhani ungenisubiri. Chumba chetu kina watu wengine, wameanika nepi kwenye kamba yangu.

Mzee Abdi alikuwa barazani, miwani puani, amepinda juu ya cherehani. Aliponiona hakunisalimu kwanza. Alitazama nyuma yangu. Chini, urefu wa mtoto.

"Kasichana yangu iko wapi?"

Nikamweleza, nimesimama hapo barazani kama mshtakiwa. Akaingia dukani, akatoka na mkebe wa mafuta ya kupikia uliojaa pomoni. Vigurudumu. Alikuwa anaendelea kuviweka. Hakuna aliyemwambia tumehama. Sisi tuliondoka alfajiri na lori letu na kiti chetu kibovu, hatukuaga mtu. Kila uzi ukiisha alitupa kigurudumu mkebeni akidhani labda mtoto anaumwa, atakuja kesho. Wale mafundi wa barabara ya nyuma pia aliwaambia wamwekee.

"Hii ya uzi mweupe nimeweka juu," akasema. "Yeye hupenda hii kwanza."

Mimi sikuwahi kujua hilo. Miaka yote ile nilikuwa naviona mstarini, sikuona kwamba vyeupe vinatangulia.

Nililia barazani kwa watu. Mzee Abdi akainamia cherehani, akashona mshono usiokuwepo mpaka nikamaliza.

Ijumaa Kuu, 12 Aprili

Binamu yake Wafula amepita kutoka Kimilili. Amekula, amekunywa chai, ametoa salamu za kila mtu na kila kuku. Nikauliza Nasimiyu.

"Ah, mzima, hana shida. Kukhu anamfunga tu mchana."

Tu.

Anasema mtoto hukimbilia barabarani kila asubuhi, anafuata njia aliyoletwa nayo. Magari hayasimami. Kukhu miguu yake imezeeka, hawezi kumkimbiza. Kwa hiyo anamfunga kwenye nguzo ya baraza kwa kamba, naye mwenyewe anakaa hapo kando yake kutwa nzima. Amezungushia kamba kitambaa isimchune.

Nataka kumchukia Kukhu. Anakaa naye kutwa nzima. Mimi niko wapi?

Njia aliyoletwa nayo. Kila asubuhi anaanza kurudi nyumbani. Na watu wanasema hajui kitu.

Wafula alisikia yote. Aliweka kikombe chini, akatoka, akasimama nyuma ya nyumba. Nilimsikia.

Jumanne, 16 Aprili

Tumekwenda kwa Mzee Kiprono, mimi, Wafula na Mama Chebet. Neno letu ni hili. Ule ua wa mkonge aliouacha mzungu kando ya boma lake umejaa machipukizi. Tuyang'oe, tupande kila penye kigingi kilichozama, na kando ya mipaka yote. Mkonge ukishika hakuna mtoto wa kuung'oa, wala mtu mzima mwenye tamaa. Trekta itauona. Ubishi utakwisha. Kazi tutafanya sisi.

Mimi nasema wazo lilikuwa langu. Mama Chebet anasema lilikuwa lake. Tumebishana njia nzima, na ilikuwa raha.

Mzee alizungusha fimbo yake muda mrefu. "Mipaka yote?" Yote. "Na wale wenye walisema karani ni mwizi, pia yao mtapanda?" Wafula akajibu kabla yangu kwamba yao ndiyo tutaanza nayo.

Amekubali. Mkonge ukishasimama wote, mtoto arudi.

Jumatatu, 22 Aprili

Mkonge. Mikono imechanika, mgongo umekataa. Ncha zake hazina adabu, zinakuchoma hata ukiziomba. Mama Chebet anaimba anapochimba, sauti kama ya mlango mbovu, na ukinyamaza anakudai uitikie.

Leo yule mtu wa nyuma ghalani, yule wa "mtoto mjinga", alitukuta mpakani kwake. Alisimama. Akaenda akarudi na jembe. Hakuomba radhi. Alichimba mpaka jioni. Nimeikubali hiyo.

Ijumaa, 26 Aprili

Umebaki upande wa mtoni tu, Mama Chebet anasema atamalizia yeye. Kesho nakwenda Kimilili.

Naogopa. Naogopa atanitazama kama anavyotazama watu wengine, pembeni, kana kwamba mimi ni kabati. Naogopa amejifunza kukaa bila mkono wangu.

Jumamosi, 27 Aprili

Kimilili.

Alikuwa amekaa barazani, kamba kiunoni. Amekonda. Kukhu yuko kando yake anachambua maharagwe, na maharagwe mengine ameyapanga mstari mbele ya mtoto. Mstari mrefu, uliopinda kidogo. Kukhu aliniona nikiutazama. "Nilijaribu, mwanangu," akasema. "Anayatazama kidogo, kisha anayafagia." Nikapiga magoti nikamshika miguu mama huyu niliyekuja nimejiandaa kumtukana.

Nasimiyu hakunitazama. Nilifungua kamba mwenyewe. Hakukimbia. Hakunikaribia.

Safari hii nilimwambia. Sijali kama inaingia au haiingii. Nilikaa chini mbele yake, nikatoa kigurudumu kimoja cha uzi mweupe, nikamwekea kiganjani. Nikasema kesho, treni. Nikasema Turbo. Nikasema nyumba, kizingiti, uji. Nikarudia. Jioni nikarudia. Alikiweka kigurudumu shavuni, akakizungusha, akakizungusha. Amelala nacho, mgongo ukutani.

Jumapili, 28 Aprili

Kabla sijaamka alikuwa amesimama mlangoni. Kikombe cha buluu mkono mmoja, kigurudumu mkono wa pili. Viatu amevaa kinyume.

Alikuwa amesikia kila neno.

Jumatano, 1 Mei

Yuko nyumbani. Asubuhi ya kwanza alizunguka nyumba, akasimama kizingitini. Nikaleta mkebe wa Mzee Abdi, nikaumwaga mbele yake. Alitulia muda mrefu, nikadhani nimekosea. Kisha akaanza. Vyeupe kwanza.

Wafula naye alikuwa na zawadi. Kile kiti chake kibovu, alikikata miguu kwa msumeno, akachonga vipande vya mviringo, akavisugua vikawa laini. Kazi ya jioni nyingi, alinificha hata mimi. Nasimiyu akavichukua kimoja kimoja, akavinusa, akavirusha kwenye nyasi. Vyote. Uso wa Wafula! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka mwishoni. Tumebaki bila vigurudumu na bila kiti.

Mkono wangu hajauchukua. Sijamwambia Wafula kwamba ninangoja.

Jumanne, 7 Mei

Ameugundua mkonge. Aligusa ncha, ikamchoma, akarudi akanyonya kidole. Kesho yake akaenda tena, hakuugusa. Anatembea kando yake, kutoka kwetu mpaka kwa Mama Chebet, anarudi. Mama Chebet anamwona, anamwachia kikombe cha maziwa juu ya kisiki, anaendelea na kazi. Nasimiyu hanywi. Nani amempa cha buluu?

Nimepeleka cha buluu.

Jumatatu, 13 Mei

Halali vizuri. Alilia jana kwa sababu upepo ulifunga mlango. Bado kuna siku mbaya. Watu wengine wa shamba wanavuka upande wa pili wakituona. Haya, njia ni pana.

Bado ninangoja. Asubuhi ninapoosha vyombo ninauacha mkono wa kulia huru, ninaosha kwa wa kushoto. Mtu akiniona atasema mimi ndiye mgonjwa.

Jumapili, 19 Mei

Hatukwenda kanisani. Mvua ya polepole tangu alfajiri. Wafula amelala.

Niliweka uji motoni. Nasimiyu alikuwa mlangoni anapanga vigurudumu vyake, anavuma. Vyeupe, kisha vyeusi, kisha vya rangi. Akafika mwisho wa mkebe, na kizingiti kilikuwa bado kina nafasi. Akaitazama nafasi ile. Akatazama huku na huku. Akainuka.

Akaja akachukua mkono wangu wa kulia. Nikaukunja kidogo tayari, kufuata utosi wake. Hakuupeleka utosini. Akanivuta mpaka mlangoni, akaniketisha, akauweka mkono wangu juu ya kizingiti, mwisho wa mstari, baada ya kigurudumu cha mwisho. Akaunyoosha vidole. Akausogeza kidogo, ukae sawa na vingine.

Akachuchumaa, akatazama mstari wote. Uso wake ule.

Uji umeungua. Nilisikia harufu, sikuinuka.